Nauli ya usaili haijarudishwa: nani anadaiwa, na malalamiko yanamalizwaje

Kuna malalamiko ambayo ofisini yanaonekana madogo lakini kwa aliyeyaleta ni makubwa kwelikweli. Mtu kaitwa usaili mji mwingine, kakata tiketi kwa hela yake, na mara nyingi hiyo hela kaazima maana anatafuta kazi, mshahara atautoa wapi. Kaenda, kajieleza vizuri, pale mapokezi kaambiwa atume risiti atarudishiwa nauli. Katuma. Wiki zinapita, anauliza anaambiwa linashughulikiwa, anauliza tena kimya, alafu katikati ya hayo inaingia imeili kwamba nafasi kapewa mwingine. Hapo sasa machungu ya kukosa kazi na machungu ya nauli yanakuwa kitu kimoja, na malalamiko atakayoandika yatabeba yote mawili.

Ndo maana jambo hili linachanganya watu. Ndani yake kuna maswali mawili tofauti na kila moja lina jibu lake. La kwanza, je mwajiri alikuwa anawajibika kulipa? La pili, kama anawajibika, kwa nini hela haijatoka mpaka leo? La kwanza ni la sheria na ahadi, la pili ni la makaratasi ya ndani ya ofisi, na kwa ninavyoona mimi mengi yanakwama kwenye la pili huku watu wanabishana kuhusu la kwanza.

Tuanze na sheria maana ndo kila mtu anakimbilia. Hazifanani kabisa. Ujerumani mwajiri akikuita usaili anatakiwa akurudishie gharama za lazima za safari, na msingi wake ni kifungu cha 670 cha sheria yao ya kiraia, kile kinachosema mtu aliyepewa jambo alitekeleze na akatumia hela yake kulitekeleza arudishiwe na aliyempa. Mwajiri anaweza kujitoa, lakini lazima akwambie wazi kabla hujasafiri kwamba halipi. Ukipata kazi au ukikosa haihusiki, nauli ni ileile. Na deni lenyewe halifi haraka, muda wa kawaida wa kudai ni miaka 3, unaanza kuhesabiwa mwisho wa mwaka ambao deni lilitokea. Uingereza ni kinyume, hakuna sheria ya jumla inayomlazimisha mwajiri kulipa nauli ya mwombaji, ni hiari yake, ila akishaahidi mambo yanabadilika. Marekani idara za serikali kuu zinaruhusiwa kulipa safari za usaili, lakini kuruhusiwa ni kitu kimoja na kulazimishwa ni kingine, idara yenyewe ndo inaamua.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, nalo limeligusa jambo hili, na hapa watu wengi hawajui. Mkataba wake namba 181 wa mwaka 1997 unahusu mawakala binafsi wa ajira, na kanuni yake ni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, iwe moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, ingawa nchi inaweza kuweka vighairi vichache. Alafu kwenye maelezo ya ILO ya mwaka 2019 kuhusu gharama za kuajiri, nauli na malazi na chakula cha safari za usaili vimetajwa waziwazi kuwa ni gharama za uajiri zisizotakiwa kumwangukia mfanyakazi pale zinapotokana na matakwa ya mwajiri au wakala. Sasa mkataba unaibana nchi iliyouridhia tu, na maelezo yale ni mwongozo, huwezi kwenda nayo mahakamani ukayaweka mezani kama hukumu. Lakini ukimwandikia kampuni kubwa inayojitangaza kwamba inafuata viwango vya kimataifa vya kuajiri, kutaja hilo kunaamsha watu.

Kwa hiyo angalia kwanza sheria ya nchi husika inasemaje, alafu rudi kwenye kitu ambacho kina uzito karibu kila mahali, yaani kilichosemwa kabla ya safari. Ahadi ni deni, na kwenye hili sio msemo tu.

Kama barua ya mwaliko ilisema "tutagharamia usafiri wako" au "tunza risiti zako za safari", kesi imekwisha, kinachobaki ni kiasi gani na lini. Kama ilisema waombaji watajigharamia wenyewe na wewe ukaisoma ukaenda, nayo imekwisha, hata kama inauma, na ni vizuri anayepokea malalamiko aseme hivyo mapema badala ya kumzungusha mtu mwezi mzima akitegemea kitu ambacho hakipo. Kazi iko kwenye hali ya katikati, mwaliko umekaa kimya kabisa, au mwaliko umekaa kimya lakini mtu fulani alisema kitu kwenye simu. Mfano yule dada wa utumishi alipokuwa anapanga muda akasema "usijali kuhusu nauli". Hiyo ni ahadi au ni maneno ya kumtia mtu moyo? Mimi nasema mwombaji wa kawaida akisikia maneno hayo kutoka kwa mtu anayepiga simu kwa niaba ya kampuni anaelewa kitu kimoja tu, na akakata tiketi kwa kuelewa hivyo. Kampuni ikija kusema baadaye kwamba yule hakuwa na mamlaka ya kuahidi, hilo ni tatizo lao la ndani wakalimalize wenyewe ndani. Mwombaji hana njia ya kujua nani ana mamlaka ya kusaini nini.

Sasa tuingie ndani ya ofisi, maana hapa ndo penye mkwamo wenyewe.

Mifumo ya malipo ya kampuni nyingi inawajua watu wa aina mbili. Kuna mfanyakazi, ambaye ana namba yake na akisafiri anajaza fomu ya safari. Kuna mzabuni, ambaye kasajiliwa, ana ankara, ana akaunti iliyohakikiwa. Mwombaji wa kazi sio huyu wala sio yule. Afisa utumishi anapeleka risiti uhasibu, mhasibu anafungua mfumo anatafuta jina halipo, anauliza namba ya mfanyakazi hakuna, anauliza usajili wa mzabuni hakuna, basi anaweka pembeni akisubiri maelekezo. Afisa utumishi kwa upande wake anajua alishapeleka, kwake limekwisha. Hakuna aliyekataa kulipa. Hakuna aliyemnyima mtu hela yake makusudi. Lakini risiti zimelala kwenye trei, na mwombaji akipiga simu utumishi anaambiwa liko uhasibu, akipiga uhasibu hata hawajui yeye nani.

Ongeza na swali la fungu. Hela itoke kwenye bajeti ya utumishi au ya idara iliyokuwa inatafuta mtu? Kama hilo halikuamuliwa kabla ya kuita watu, kila mmoja anamsubiri mwenzake aweke saini. Na usaili ukiangukia mwisho wa mwaka wa fedha, vitabu vinafungwa, dai linahamia mwaka mwingine ambao haukulipangia chochote. Alafu vile vitu vidogo ambavyo kila kimoja peke yake kinatosha kukwamisha: jina kwenye akaunti halifanani na jina kwenye maombi kwa sababu mtu katumia jina la ndoa, tiketi imenunuliwa na ndugu kwa kadi yake, hela inatakiwa iende kwenye simu na kampuni inalipa benki tu, mwombaji yuko nchi nyingine na ada ya kutuma inakaribia nauli yenyewe.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu mtu aliyepewa jukumu la kutatua malalamiko ya namna hii akianza kwa kumuuliza mwombaji "una ushahidi gani" wakati risiti ziko ghorofa ya chini kwenye trei, anaongeza jeraha. Aanze ndani. Atafute dai liko wapi kimwili, nani alilishika mwisho, linasubiri nini. Mara nyingi atapata jibu siku hiyohiyo.

Na kabla hata ya kupata jibu, amjibu mwombaji. Jibu la kwanza halihitaji kuwa na hela ndani yake, linahitaji kuwa na mtu ndani yake, yaani jina na tarehe. Kitu kama hiki kinatosha:

"Nimepokea malalamiko yako kuhusu nauli ya usaili. Kuanzia leo mimi ndiye ninayelifuatilia, na namba yangu ni hii hapa chini. Naangalia dai lako limefika wapi na nitakuandikia Ijumaa hii, hata kama litakuwa halijakamilika. Uamuzi kuhusu nafasi uliyoomba unashughulikiwa na watu wengine, na suala hili la nauli haliuathiri kwa namna yoyote."

Ile sentensi ya mwisho watu wanaiacha na ndo inayohitajika kuliko zote. Kuna waombaji wengi wanameza hasara yao kimya kwa kuogopa kwamba wakidai nauli wataonekana wasumbufu na jina litakatwa, na wanaoogopa zaidi ni wale ambao hela hiyo iliwauma zaidi. Ofisi ambayo inataka kutenda haki lazima iseme kwa maandishi kwamba mambo haya mawili hayagusani, alafu ihakikishe kweli hayagusani, anayeshughulikia dai asiwe yule aliyekaa kwenye jopo la usaili.

Ijumaa ikifika andika, hata kama huna jipya. Mtu aliyeahidiwa tarehe na tarehe ikapita kimya hatakuamini tena hata ukija na hela mkononi.

Uamuzi ukitoka unatakiwa useme mambo kwa lugha ya kawaida, tunalipa kiasi gani, kwa nini kiasi hicho, kinaingia lini na kupitia wapi, na kama kuna kipengele tumekikataa ni kipi na kwa sababu gani. Kuomba radhi kwa kuchelewa hakumaanishi umekiri kwamba sheria imekubana, wanaoogopa neno samahani wanaogopa bure. Na kama kosa lilikuwa la ofisi, mfano mwaliko ulikuwa na utata au mtu wa simu aliongea asichotakiwa, lipa. Nauli ya mtu mmoja ni ndogo kuliko muda ambao watu watautumia kubishana kwa imeili.

Ugomvi wa kiasi nao una mambo yake. Kinachotazamwa karibu kila mahali ni kama gharama ilikuwa ya lazima na ya kiasi. Basi au treni ya daraja la kawaida hakuna atakayebisha. Ndege ni vizuri iwe imekubaliwa kabla, hata kule Ujerumani usitegemee kurudishiwa ndege uliyojiamulia mwenyewe kama treni ilikuwepo. Teksi inaeleweka kama usaili ulipangwa asubuhi mno hakuna usafiri mwingine, au una ulemavu, au mizigo ya kazi uliyoambiwa uje nayo, lakini sema sababu usisubiri uulizwe. Kulala hoteli kunategemea saa ya usaili, ukiitwa saa mbili asubuhi mji wa mbali hakuna mwenye akili timamu atasema ungesafiri usiku kucha ndo ukae mbele ya jopo. Gari lako mwenyewe linalipwa kwa kilomita, sio kwa risiti ya mafuta ya tenki zima. Na kama siku hiyohiyo ulikuwa na usaili sehemu mbili mji mmoja, gawanya, usidai nauli nzima kote kote, hiyo ikigundulika inakuharibia dai zima na jina pia.

Kama waliahirisha ukiwa tayari njiani, gharama hiyo ni yao kwa mantiki ileile, waliokuita ndo walioghairi. Lakini kama walikupa nafasi ya kufanya usaili kwa video na wewe ukachagua kwenda mwenyewe, hoja yako inalegea, na hapo afadhali kukubaliana nusu kuliko kushikilia yote.

Kwa mwombaji, mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti nyingi za tiketi na teksi zinachapishwa kwenye ile karatasi inayotumia joto badala ya wino, ukiiacha kwenye pochi au juani ndani ya gari maandishi yanafifia na baada ya miezi michache una kikaratasi cheupe. Ipige picha siku hiyohiyo, ionekane tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, na kiasi. Meseji ya tiketi usiifute. Mwaliko uhifadhi mzima pamoja na viambatisho vyake, maana sentensi ya nauli mara nyingi imejificha kwenye kiambatisho cha maelekezo ya jinsi ya kufika. Na kama uliambiwa kwa simu, andika meseji au imeili jioni hiyo: "Asante kwa simu ya leo, kama tulivyoongea nitakuja Jumanne saa nne na nauli nitarudishiwa nikileta risiti." Wasipokanusha una kitu cha kushika. Ikitokea risiti moja imepotea usiiache hiyo safari, andika maelezo uyasaini, sema ulipanda nini, lini, kiasi gani, ofisi nyingi zinakubali kwa kiasi kidogo.

Dai lenyewe liwe fupi. Hasira unaruhusiwa kuwa nayo, ila isiingie kwenye barua ya kudai, kwa sababu anayeisoma atajibu hasira ataacha kujibu nauli. Na kuhusu usaili wenyewe ulivyokwenda, kama unaona hukutendewa haki kwenye jopo, iandikie barua yake peke yake. Ukizichanganya, ile ngumu inaichelewesha ile rahisi. Dai la nauli linaweza kuwa hivi tu:

"Nilihudhuria usaili tarehe fulani kwa nafasi fulani. Mwaliko wenu, ambao nimeuambatisha, ulisema nauli itarudishwa. Nimeambatisha risiti zote na jumla yake. Naomba malipo yafanyike ndani ya siku 14 kwenye akaunti ifuatayo, iliyo kwa jina langu. Kama kuna kinachokosekana naomba mnijulishe sasa."

Ile "naomba mnijulishe sasa" ina kazi yake, inazuia ule mchezo wa kuambiwa leo lete hiki, wiki ijayo lete kile.

Yakiingia mawakala wa ajira mambo yanapinda zaidi. Wakala anakwambia kampuni itakurudishia, kampuni inasema haikuahidi kitu, wakala anasema nilidhani. Waandikie wote wawili kwenye imeili moja ili kila mmoja aone mwenzake anasema nini, na dai uliweke kwa yule aliyetamka ahadi, kisha wao wafuatane. Na hapa naomba mtu yeyote anayetafuta kazi anisikilize vizuri: mtu akikwambia tuma hela kwanza kwa wakala wetu wa usafiri, utarudishiwa siku ya usaili, usitume. Huo ni wizi unaojulikana, kazi hakuna, usaili hakuna, na hela ikishaondoka hairudi. Mwajiri wa kweli anakata tiketi yeye, au anakuacha ukate mwenyewe pale unapotaka.

Kuna sehemu nauli inaweza kutoka mfukoni mwa serikali badala ya mwajiri. Uingereza ofisi za ajira zina mfuko unaoweza kumsaidia mtu asiye na kazi nauli ya kwenda usaili, Ujerumani pia ofisi ya ajira ina fungu la namna hiyo, ila kule ombi linatakiwa litangulie gharama, ukienda kuomba umesharudi umechelewa. Ndo maana kuuliza kabla ya kupanda basi kuna faida kubwa kuliko kulalamika baada ya kushuka.

Wakikataa kabisa, au wakikaa kimya mpaka tarehe uliyowapa ikapita, andika mara moja zaidi kwenda juu ya yule uliyekuwa unamwandikia, mkuu wa utumishi au meneja mkuu, ukiambatisha mlolongo wote. Nyingi zinamalizikia hapo. Isipomalizika usikimbilie moja kwa moja ofisi ya kazi bila kuuliza, maana sehemu nyingi vyombo vya kazi vinashughulika na mtu aliyeajiriwa tayari na mwombaji anaweza kurudishwa mlangoni. Kwa taasisi ya umma jaribu ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali. Kwa kampuni binafsi njia ni mahakama ya madai madogo pale ilipo, ambako mara nyingi huhitaji wakili. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya kuna kitu kingine cha kusaidia, sheria ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018 inakupa haki ya kuomba nakala ya taarifa zako walizonazo, na kwa kawaida wanatakiwa wakujibu ndani ya mwezi mmoja. Humo unaweza kukuta imeili za ndani zinazokutaja, kama ile ya afisa utumishi akimwandikia mhasibu kwamba huyu tulimwahidi nauli.

Ukienda mahakamani beba mwaliko, risiti, dai lako la kwanza lenye tarehe, na majibu yao au ukimya wao, vyote vimepangwa kwa tarehe. Wakilipa kabla ya siku ya kusikilizwa, hakikisha hela imeingia kweli ndo uondoe shauri, usiondoe kwa kuonyeshwa picha ya muamala kwenye simu.